Kosaki maana yake nini?

Wengi wakisikia "Wakosaki" hudhani ni kabila, na wengine huwachanganya na Wakazaki wa Kazakhstan. Hawajakosea sana, maana majina yote mawili yanatoka kwenye neno moja la Kituruki, qazaq, yaani mtu huru, mtembezi asiye na bwana. Ila Wakosaki wa mto Don ni watu wengine kabisa. Lugha yao Kirusi, dini yao Ukristo wa Kiorthodoksi, na wengi wa mababu zao walikuwa wakulima waliowatoroka mabwana zao wakakimbilia nyika za kusini mwa Urusi. Walikuwa na msemo wao: aliyefika Don harudishwi.

Baadaye dola ya Urusi iliwafunga kwa mapatano, na maana ya neno imo humo. Kufikia karne ya 19, Kosaki alikuwa mtu wa tabaka linalotambuliwa na sheria. Tsar, yaani mfalme wa Urusi, alimpa fungu la ardhi na kumsamehe kodi. Naye alidaiwa miaka mingi ya jeshi, tena aripoti na farasi wake, tandiko lake, sare yake na upanga wake, vyote kwa fedha za nyumbani. Kumwandaa kijana mmoja kuliweza kuikamua familia nzima. Kijiji kikubwa waliita stanitsa, kitongoji khutor, kiongozi ataman. Mgeni aliyehamia kutoka mikoa mingine hakuwa na fungu; alikodi shamba na kudharauliwa. Huko mijini Kosaki alijulikana kwa mjeledi, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kuwatawanya waandamanaji mwaka 1905.

Mwandishi Mikhail Sholokhov alizaliwa mwaka huohuo, kwenye kitongoji kimoja cha stanitsa ya Vyoshenskaya. Baba yake alikuwa mmoja wa hao wageni, mtu wa mkoa wa Ryazan; mama yake alitoka katika familia ya wakulima wenye asili ya Ukraine. Kwa hiyo aliyewaandika Wakosaki kuliko mtu yeyote hakuwa Kosaki kwa damu. Nadhani hilo lilimfaa: aliijua lugha yao na nyimbo zao, lakini fungu la ardhi la kulitetea hakuwa nalo.

Riwaya yake, Tikhiy Don, yaani "Don Mtulivu", ilitoka kwa sehemu kati ya 1928 na 1940. Wapo waliosema kijana wa umri ule asingeweza kuiandika, na mzozo huo ulidumu miongo kadhaa hadi miswada yake ya mkono ya vitabu viwili vya kwanza ikapatikana. Mwaka 1965 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ukiyashika yale mapatano, utamwelewa mhusika mkuu, Grigory Melekhov. Anapigana na Waaustria katika vita vya 1914, kama alivyodaiwa. Mwaka 1917 Tsar anaanguka, na mwezi Novemba Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka, wanafuta matabaka yote kwa amri moja. Mdai hayupo tena, lakini farasi na upanga bado vipo. Grigory anajiunga na Wekundu, jeshi la Wabolsheviki, anawaacha baada ya kuona mateka wakiuawa, anapigana upande wa Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki, anaongoza waasi wa Don ya Juu mwaka 1919, kisha anarudi kwenye jeshi la farasi la Wekundu. Wapo wasomaji wanaomwita kigeugeu. Mimi naona kila mara anatafuta lile lile, alime shamba lake pasipo mtu kumwamuru, na hakuna upande unaompa. Cha ajabu ni kwamba Sholokhov mwenyewe alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na hata hivyo hakumgeuza Grigory kuwa Mkomunisti mwishoni.

Anachomfanyia ni hiki: barafu ya Don ikianza kuyeyuka, Grigory anatupa bunduki na bastola yake majini, anavuka, na kumkuta mwanawe mdogo karibu na nyumba.