Unyevu wa chumba kilichochimbiwa mteremkoni: unatoka wapi na unazuiwaje

Unyevu wa chumba cha chini ni maji yanayoingia kwenye kuta na sakafu ya chumba ambacho chote au sehemu yake imezikwa ardhini, yakabaki humo kwa kukosa pa kutokea. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania ni wachache wanaojenga ghorofa nzima chini ya ardhi, lakini vyumba vya namna hii tunavyo tele. Kwenye mitaa ya Mbeya inayopanda kuelekea Mlima Loleza, miinuko ya Gangilonga pale Iringa, Njombe, Makete na Tukuyu, kupata kiwanja tambarare ni bahati. Mwenye kiwanja hukata mteremko, husawazisha, anajenga, na ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na udongo wa mita 1, 2 au zaidi. Chumba hicho ndicho huwa stoo ya mahindi, fremu ya duka au chumba cha mpangaji. Ndicho pia ambacho rangi hubanduka kabla mwaka haujaisha.

Dalili zake zinajulikana: harufu ya uvundo ukifungua mlango asubuhi, plasta inayovimba na kumeguka ukiigusa, kuvu nyeusi kwenye kona, na unga mweupe unaochomoza ukutani. Unga huo ni chumvi. Maji yanapopita kwenye udongo, tofali na saruji huyeyusha chumvi zilizomo, na yakifika uso wa ndani wa ukuta hukauka na kuiacha pale. Chumvi ikijikusanya nyuma ya rangi huisukuma mpaka inabanduka. Kwa hiyo kumwita fundi rangi kwanza ni kupoteza fedha. Hata plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, ikipigwa upande wa ndani peke yake, inasukumwa na maji kutoka nyuma, na baada ya masika moja au mawili inaachia. Maji huzuiwa upande yanakotokea, yaani nje, na kazi huanzia juu ya paa.

Jua kwanza ni maji gani

Ukuta wa chumba cha chini unaweza kulowa kwa njia nne: maji ya mvua yanayotuama nje karibu na msingi, maji ya ardhini yanayosukuma kwa ubavu, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi, na mvuke wa ndani ya nyumba unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi. Tiba ya moja haiponyi nyingine, na nyumba moja inaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja.

Kutenganisha mvuke wa ndani na maji ya ukutani hakuhitaji mashine. Kata kipande cha nailoni safi cha sentimita 50 kwa 50, kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne hewa isipite, ukiache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, ni mvuke. Rudia kipimo hicho sakafuni, maana sakafu huwa na kesi yake yenyewe.

Angalia pia urefu wa doa. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi huacha mstari unaofanana urefu chumba kizima, na kwa kawaida hayavuki mita 1 au 1.5. Doa lililo juu zaidi, au lililo kwenye ukuta wa nyuma tu na linalokolea mvua ikinyesha, ni maji ya ubavuni au ya paa.

Maji ya paa na ya uani

Hapa ndipo pa kuanzia kwa sababu ni rahisi, na mara nyingi ndipo penye kosa. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ambayo paa lake la nyuma lina mita za mraba 50. Mvua ya milimita 40, ambayo kati ya Desemba na Machi si ajabu, inaangusha lita 2,000 upande huo, sawa na mapipa 10 ya lita 200. Bila gata, maji yote hayo yanadondokea pale pale ukuta ulipozikwa.

Tena yanaangukia kwenye udongo wa kurudishia, ule uliojazwa kati ya ukuta na mteremko uliokatwa. Kwa kawaida humwagwa kwa chepe bila kushindiliwa. Baada ya misimu miwili unatitia, unaacha mfereji ulioinamia ukutani, na kila mvua inajaa humo. Udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao sehemu nyingi za Iringa unao, unayashika maji hayo kwa siku nyingi. Udongo wa majivu ya volkano wa upande wa Rungwe unayapitisha haraka mpaka kwenye msingi.

Funga gata, na bomba lake la kushushia lielekeze maji kwenye tangi, au mbali na nyumba kwa upande wa chini wa mteremko. Shimo la kunyonya maji lisichimbwe upande wa juu wa nyumba, na hata upande wa chini liwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi. Jaza udongo uliotitia kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila moja, na ya mwisho iwe ya mfinyanzi. Uso wake uinamie mbali na ukuta, ushuke sentimita 15 ndani ya mita 3. Kama nafasi ya nyuma haitoshi, chimba mtaro wa zege juu ya ukingo uliokatwa, unaokinga maji ya mlimani na kuyazungusha pembeni mwa nyumba kabla hayajashuka.

Maji yanayosukuma kwa ubavu

Hii ndiyo njia nzito kuliko zote. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kina cha mita 2, kila mita moja ya urefu wa ukuta inabeba msukumo wa kama tani 2, mbali na uzito wa udongo wenyewe. Ukuta wa tofali za kuchoma haukuumbwa kwa mzigo huo, na ndiyo maana hupata nyufa za kulala katikati na kubinuka kuelekea ndani. Ukuta unaozuia udongo wa zaidi ya mita 1.5 upelekwe kwa mhandisi kabla ya kujengwa. Nondo na unene wake si jambo la kukisia.

Dawa ya msukumo huo ni kuyapa maji njia ya kutoka. Nyumba za Marekani zenye vyumba vya chini kwenye ardhi tambarare mara nyingi hulazimika kuwa na shimo na pampu ya umeme chini ya sakafu. Sisi wa mteremkoni tuna nafuu kubwa: bomba likilazwa nyuma ya ukuta na kutokea upande wa chini wa kiwanja, maji yanajiondokea yenyewe hata umeme ukikatika.

Kazi yenyewe hufanywa kiangazi, kati ya Julai na Oktoba. Tukuyu kiangazi ni kifupi, kwa hiyo vifaa viwe tayari kabla ya kuchimba. Chimba kwa vipande vya mita 2, siyo ukuta wote kwa mara moja, kwa sababu udongo ukiondolewa wote msingi unabaki bila tegemeo. Mtaro wenye kina cha zaidi ya mita 1.2 uwekewe mbao na miti ya kuzuia kingo. Udongo wa volkano huporomoka bila kutoa ishara, na aliye ndani hapati nafasi ya kutoka.

Ukifika usawa wa msingi, sugua ukuta kwa brashi ya waya. Piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 3, yenye dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti (dawa nyingi za unga ni kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50). Iwe mikono miwili, jumla milimita 20, kisha imwagiliwe siku 7. Ikikauka kabisa paka lami ya maji mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Usiipake juu ya plasta mbichi, itabanduka.

Chini ya mtaro tandika kitambaa cha kuchujia maji, kisha kokoto safi za robo tatu ya inchi kwa kina cha sentimita 10. Laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakitazama chini, kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea linakotokea, na liwe chini ya usawa wa jamvi (zege la sakafu). Wengi hushangaa kusikia matundu yatazame chini. Maji hujaa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo yanaingia bombani mapema, kabla hayajafika sakafuni kwako. Ukiweka matundu juu, ni lazima maji yapande kwanza mpaka mgongo wa bomba. Ongeza kokoto kwa upana wa sentimita 30 mpaka karibu na juu, funika kwa kile kitambaa, umalizie na sentimita 20 au 30 za mfinyanzi ulioshindiliwa. Bila kitambaa, tope huingia kwenye kokoto na baada ya miaka michache mtaro mzima unaziba.

Maji yanayopanda na maji ya sakafuni

Tofali za kuchoma hunywa maji kutoka kwenye msingi jinsi utambi wa kibatari unavyonywa mafuta. Ukitaka kujua ubora wake kabla ya kununua, pima tofali kavu, lizamishe kwenye ndoo saa 24, upime tena. Uzito ukiongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, usilitumie chini ya ardhi.

Nyumba mpya huwekewa kizuizi cha unyevu, ambacho mafundi hukiita dipisii, juu ya mkanda wa chini (boriti ya zege iliyo juu ya msingi), sentimita 15 au zaidi kutoka usawa wa ardhi ya nje, kwa sababu matone ya mvua hurukia mpaka hapo. Chini ya jamvi hutandikwa nailoni nene, ya geji 1000, na vipande vyake vipandane sentimita 30. Tandika mchanga laini kwanza, maana jiwe moja lenye ncha linatosha kuitoboa. Nyumba ya zamani isiyo na dipisii inaweza kutobolewa matundu ya milimita 12 kila baada ya sentimita 12 kwenye kiungo cha chini, yakajazwa krimu ya silikoni. Njia hiyo inafaa kwa ukuta usiozikwa. Kwenye ukuta wenye udongo nyuma, maji yataingilia juu ya mstari huo.

Mvuke

Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba kama gramu 17 za maji kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 10, kama gramu 9 tu. Juni na Julai, ukuta uliozikwa unapokuwa wa baridi, ziada yote inageuka matone. Kupikia gesi chumbani kunaongeza: kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa takriban lita 1.6 za maji. Weka matundu ya hewa pande mbili zinazotazamana, fungua madirisha mchana jua likiwaka, na nguo zianikwe nje. Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa. Halikaushi ukuta, na kaboni monoksidi yake haina harufu wala rangi na inaua waliolala.

Kurudisha ndani

Nje ikishatengenezwa, bandua plasta mpaka sentimita 50 juu ya doa, fagia chumvi ikiwa kavu (ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani), kisha subiri. Ukuta hukauka kwa makadirio ya mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 23 unaweza kuchukua miezi 9. Plasta mpya iwe saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, na rangi iwe ya maji au chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua. Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13 yakae juu ya vichanja vya sentimita 15 na mbali na kuta, kwa sababu gunia linalogusa ukuta mbichi hurudisha unyevu na kuota kuvu wanaotoa sumukuvu.

Kila Oktoba safisha gata, kisha mimina ndoo mbili za maji kwenye tundu la ukaguzi la bomba la nyuma. Yasipotokea upande wa chini ndani ya dakika chache, bomba limeziba, na una wiki kadhaa za kulizibua kabla mvua za Novemba hazijaanza.