Kilomita chache si uzima wa gari

"Fundi, nimepata Mercedes E-Class, imetembea kilomita 58,000 tu. Nichukue?"

Swali hili linanifikia mara nyingi mno, na kila mara linakuja hivyo hivyo: halina mwaka, halina aina ya injini, halina kumbukumbu ya servisi. Familia imechoka na gari lake la miaka kumi na tano, imeona sedani ya kifahari ambayo bei yake imeporomoka, na uamuzi wote umekabidhiwa namba moja ya kwenye dashibodi. Namba hiyo haiubebi mzigo huo.

Injini inachakaa kwa saa inazowaka na kwa mara inazowashwa ikiwa baridi. Chukua magari mawili. La kwanza limetembea kilomita 60,000 kwenye foleni za mjini, wastani wa kilomita 20 kwa saa. Hizo ni saa 3,000. La pili limetembea kilomita 160,000, nyingi barabara kuu, wastani wa 80 kwa saa. Hizo ni saa 2,000. Injini iliyofanya kazi zaidi ni ile yenye kilomita chache. Tena kama yote mawili yalimwagwa oili kila kilomita 15,000, la mjini lilikaa na oili ile ile saa 750, la barabara kuu saa 187 na kidogo. Na oili ya safari fupi ni mbaya zaidi, kwa sababu oili hupata moto taratibu kuliko maji ya rejeta. Mshale wa joto unaweza kufika katikati huku oili ikiwa bado na unyevu na petroli isiyoungua ndani yake.

Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hazipendi maisha hayo hata kidogo. Valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, basi masizi yanagandana juu yake. Yaangalie haya kwenye injini ya 4GR-FSE ya Toyota Mark X na Crown, na kwenye injini ya FSI ya lita 3.2 ya Audi. 2GR-FSE ya lita 3.5, nayo ya Toyota, ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, ndiyo maana tatizo hili haliisumbui sana.

Mpira nao hausomi mita. Bushi, mauntingi za injini, hozi, sili na springi za hewa vinakauka kwa miaka na joto, gari litembee lisitembee. Lexus LS 460 ni gari imara, lakini bushi za mikono ya sasipensheni ya mbele zinakufa, na mara nyingi utalazimika kununua mkono mzima. Bei ya gari ilishuka; bei ya mkono ule bado ni ya gari la daraja lake. Aliyezoea kufunga bushi mbili kwenye gari lake la zamani na kuendelea na safari ajiandae.

Kurudishwa nyuma kwa mita nitakupitisha haraka. Magari haya huhifadhi kilomita kwenye kompyuta zaidi ya moja. Soma zote, zilinganishe. Angalia raba ya pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, na ngozi ya usukani. Tairi lina tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 30,000 likiwa limeshavaa seti ya pili ya tairi lina la kueleza.

Sasa giaboksi ya otomatiki, na hapa naomba mnivumilie. "Oili yake ni ya maisha, haiguswi." Sentensi hii imeua giaboksi nyingi zilizokuwa nzima. Watengenezaji wa magari, BMW wakiwemo, ndio waliosema ni ya maisha. ZF, kampuni ya Ujerumani inayounda giaboksi zenyewe, 6HP na 8HP zilizomo kwenye BMW, Jaguar na baadhi ya Audi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Aliyeunda kitu ndiye wa kusikilizwa. Na ona: gari la kilomita 58,000 lenye miaka 12 limeshapitiliza muda wake, hata kama mita inakuambia bado.

Kazi yenyewe inahitaji umakini. Kwenye nyingi kati ya hizi, filta imo ndani ya sampu ya plastiki, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kwa hiyo unabadilisha sampu nzima pamoja na boliti zake. Kwenye 6HP badilisha pia kile kikombe cha plagi ya umeme ya mekatroniki, yaani kompyuta na valvu zinazoongoza giaboksi. Sili zake hukakamaa na oili ikavujia hapo. Weka oili ya ZF: Lifeguard 6 kwenye 6HP, Lifeguard 8 kwenye 8HP, usichanganye. Kiwango kinapimwa gari likiwa sawa kabisa, injini inawaka, umeshapitisha gia zote, na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 za Selsiasi: jaza mpaka ianze kumwagika kidogo kwenye tundu la kujazia, kisha funga. Ukipima injini imezimwa umeharibu. Ukimwaga kwa sampu pekee, sehemu kubwa ya oili ya zamani inabaki ndani ya toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi.

Je, giaboksi ya kilomita 180,000 ambayo haijawahi kuguswa, uibadilishe oili? Hapa mafundi wazuri wanagombana, na mimi sina uhakika kamili. Zipo zinazoanza kuteleza siku chache baada ya kazi. Mwelekeo wangu ni kwamba hizo klachi zake zilikuwa zimeshaisha na oili chafu ndiyo iliyokuwa inazishikilia, lakini siwezi kukuthibitishia hilo bila kuifungua. Ikiwa inabadilisha gia vizuri, mimi humwaga kwa sampu, naweka filta mpya, situmii mashine ya kusukuma kwa presha, na namwambia mwenye gari mapema kwamba hakuna dhamana.

Kwa hiyo kabla ya kununua, endesha dakika 40 au zaidi. Giaboksi baridi inaficha mengi. Kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, kanyaga mafuta kidogo tu na usikilize: mtetemo kama unapita juu ya matuta madogo madogo unatoka kwenye klachi ya toki konveta.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Gusa boneti ufikapo, na ikiwa ya moto, rudi kesho. Mlio wa cheni ya taimingi sekunde za kwanza ni onyo, hasa kwenye injini ya dizeli ya N47 ya BMW, ambayo cheni yake iko nyuma, upande wa giaboksi, na injini inashushwa ili kuifikia. Injini ya M272 ya Mercedes ya miaka ya mwanzo ina gia ya chuma laini, inayolika mapema, kwenye balansi shafti, ile shafti ya kupunguza mtetemo. Injini ya N52 ya BMW ina pampu ya maji ya umeme. Ihesabu kama kifaa cha kubadilisha kwa ratiba.

Sasipensheni ya hewa: pima jioni kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kona nne, andika. Pima tena asubuhi kabla ya kuwasha. Kona iliyoshuka inavuja, na kompresa inayofidia uvujaji huo kila siku itaungua. Ukibadilisha kompresa na kuacha uvujaji, utaibadilisha tena.

Unapochomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, usiridhike na "hakuna kodi", yaani hakuna namba za hitilafu. Tafuta umbali uliotembewa tangu kodi zifutwe, na vipimo vya gari kujikagua. Umbali wa kilomita 12 na vipimo ambavyo havijakamilika vina maana hii: kodi zimefutwa, au betri imechomolewa, kabla hujafika. Vipimo vingine, kama cha katalista (kisafisha moshi cha kwenye ekzosti), huhitaji safari kadhaa za mwendo tofauti ndipo vikamilike, na taa ya injini inaweza kuwaka siku ya tatu au ya nne ukiwa nalo nyumbani. Gari lenu la zamani usiliuze wiki hiyo.