Progresivu ovalodi ni nini hasa, na kwa nini kurusha dambeli kwa kiuno haimo

Siku hizi kila anayenyanyua vyuma analo hili neno mdomoni. Mtu kaongeza pleti mbili za chuma kwenye baa ya kunyanyulia, kapinda mgongo, kairusha juu mara nne, anaiweka chini anahema anakwambia "umeona ovalodi hiyo". Mwingine kila wiki anabadilisha zoezi la baisepsi, ule msuli wa mbele wa mkono wa juu, eti anaushtua msuli usizoee, naye anaita ovalodi. Wa tatu mikono imemuuma siku tatu hawezi hata kuchana nywele, basi kwake hiyo ndo ovalodi kamili. Nimeitikia kwa kichwa vya kutosha, sasa wacha niandike.

Progresivu ovalodi ni kuupa msuli kazi inayozidi kidogo ile uliyoizoea, ukishaizoea na hiyo unaongeza tena, hivyo hivyo wiki hadi wiki na mwezi hadi mwezi. Msuli ukipewa kazi ya mwaka jana unabaki na ukubwa wa mwaka jana, hauna shida ya kukua. Hadi hapo sidhani kama kuna anayebisha.

Ugomvi unaanza kwenye hiyo "inayozidi". Inazidi nini, na kipi kinatangulia kuzidi, nguvu au uzito?

Watu wengi wamelielewa jambo hili kupitia ile hadithi ya Milo wa Krotoni, mwanamieleka wa Ugiriki ya kale, karne ya 6 kabla ya Kristo. Milo mwenyewe alikuwepo kweli na alishinda sana Olimpia, ila inasimuliwa kwamba alikuwa anambeba ndama kila siku, ndama akakua akawa fahali na Milo bado yuko naye mabegani. Hadithi tamu, makocha wanaipenda, na mimi naona ndiyo iliyotuharibia. Kwa sababu ndama anakua kwa ratiba yake, hamsubiri mtu. Uwe umelala vizuri au hujalala, umekula au hujala, kiwiko kinauma au hakiumi, kesho ndama kaongezeka. Sasa mtu akiichukua hiyo kichwani anaingia mazoezini akiamini uzito lazima upande kila wiki na mwili utajua wenyewe jinsi ya kufuata. Mwili ukikataa kufuata anaanza kuukopesha, mgongo unachangia, mabega yanachangia, magoti yanachangia, mradi namba ipande.

Ilivyo ni kinyume chake. Nenda kwa mtu aliyeliweka hili jambo kwenye utaratibu wa kisasa, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa hospitali ya Gardiner kule Chicago wakati wa vita ya pili ya dunia. Wodi zimejaa askari walioumia magoti, mapaja yamekonda, na mazoezi waliyokuwa wanapewa wagonjwa wa namna hiyo yalikuwa ya uzito mwepesi na marudio mengi. Yeye akawanyanyulisha vyuma vizito kwa marudio machache, wakapata nguvu, na mwaka 1945 akaandika juu ya njia yake. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakaipanga upya: tafuta uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara 10 tu, ya 11 haendi. Halafu seti tatu, yani mizunguko mitatu, za mara 10, ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Huo uzito wa mara 10 unapimwa upya kadiri mgonjwa anavyopata nguvu.

Angalia mpangilio hapo. Nguvu inapimwa kwanza, uzito unafuata. Hakuna mahali daktari anasema wiki ijayo ongeza kilo 5 utake usitake.

Na kuna kitu kingine kwenye hiyo historia ambacho nakipenda sana. Mwanzoni DeLorme alikuwa anaita njia yake mazoezi ya ukinzani mzito. Kufikia 1948 wakaliondoa hilo neno "mzito" kwenye jina wakaweka "progresivu", yani ya kupanda hatua kwa hatua. Mwenye mali mwenyewe alikuwa na neno "mzito" mkononi akalitupa, leo hii sisi tumeliokota tumelirudisha mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye baisepsi maana ndo msuli unaoonewa kuliko yote. Ina vichwa viwili, vyote vimeshikilia kwenye mfupa wa bega, na upande wa pili imeshika mfupa wa mkono chini kidogo ya kiwiko. Kazi zake kubwa ni kukunja kiwiko na kuzungusha kiganja kitazame juu. Ukisimama unakunja dambeli, kile chuma kifupi cha kushika kwa mkono mmoja, mkono ukiwa umening'inia chini uzito hauisumbui sana baisepsi, ukifika juu kabisa karibu na bega napo umepungua. Pagumu ni katikati, pale kigasha kinapolala sambamba na sakafu, kwa sababu hapo dambeli iko mbali kabisa na kiwiko. Hapo ndo baisepsi inapobeba zaidi, na bahati mbaya hapo ndo hasa mrushaji anapopita kasi. Mwangalie: kiuno kinaenda nyuma kidogo, kinapigwa mbele, viwiko vinaachia mbavu vinasogea mbele, dambeli inapaa yenyewe kwenye ile sehemu ngumu, baisepsi inaipokea juu ikiwa tayari nyepesi. Halafu anaiachia idondoke, wakati kushusha taratibu ni kazi nayo na msuli una nguvu zaidi kwenye kushusha kuliko kupandisha.

Kwa hiyo kilo 15 za kurusha zinaweza kabisa kuipa baisepsi kazi ndogo kuliko kilo 10 zilizokunjwa viwiko vimetulia. Gunia la kilo 50 mkilibeba wawili bado ni la kilo 50, ila usije ukaniambia wewe umebeba 50. Ovalodi inahesabiwa kwa alichobeba msuli. Namba iliyoandikwa kwenye chuma inasaidia kuhesabu pale tu ambapo namna ya kunyanyua haijabadilika, ikibadilika unalinganisha vitu viwili tofauti.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawaipigi. Anayechuchumaa na kilo 100 akiongeza 2.5 kaongeza asilimia 2.5. Anayekunja dambeli ya kilo 10 akichukua ya 12.5 karuka asilimia 25, kwenye msuli mdogo, wiki moja. Ndo maana mikono inakwama mapema kuliko miguu, na ndo maana ukitegemea uzito peke yake kwenye baisepsi utaishia kurusha tu, huna njia nyingine. Cha kufanya ni kupanda kwa marudio kwanza. Mfano dambeli ya 10, seti tatu, leo umepata 8, 8, 7. Wiki ijayo 9, 8, 8. Inayofuata 9, 9, 9, unaendelea hivyo mpaka zote tatu zifike 12 bila kiuno kuingilia, hapo ndo unachukua 12.5 na unakubali kushuka tena mpaka 8 au 7, bila aibu. Hiyo safari yote ni ovalodi, pamoja na zile wiki ambazo uzito haujaguswa. Hata 8 zilezile ukizifanya kwa kunyoosha mkono mpaka mwisho, wakati zamani ulikuwa unaishia nusu, umeongeza. Lakini yote haya hayasomeki kama huandiki popote, kichwa kinasahau, na kinasahau kwa upendeleo.

Kubadilisha zoezi kila wiki ndo kunaua hesabu yenyewe, maana hujui kama umeongezeka nguvu au umepewa zoezi rahisi zaidi. Maumivu nayo yanakuja sana na kitu kigeni, fanya chochote hujakizoea kesho utaumia, haimaanishi umejenga. Na aliyeanza juzi akiona uzito unapanda haraka wiki za kwanza asishangae mkono bado ni uleule, mwanzoni mishipa ya fahamu ndo inajifunza kuutumia msuli uliopo, unene unakuja polepole nyuma yake. (Na kama shida yako ni mkono kujaa shati, trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono, ndo inachukua sehemu kubwa zaidi ya mkono wa juu. Hayo yote yanaihusu nayo, ila mada hiyo nikiianza hatutatoka.)

Kwa hiyo ndugu yangu, siku ukiweka pleti ya ziada na kiuno kikakusaidia kuipandisha, sema tu leo nimeongeza uzito, ni kweli na hakuna atakayekubishia. Ovalodi isubirishe mpaka uzito huo huo uupandishe na kuushusha viwiko vikiwa vimekaa ubavuni.