Vichochoro vya Mji wa Kale havikukosewa

Kwa miaka mingi watu wamesema kwamba vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ni vyembamba kwa sababu wazee hawakujua kupanga mji. Si kweli. Njia zile zilifuata kipimo cha mtu anayetembea kwa miguu, pengine na punda mwenye mzigo.

Nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zikikaribiana, ukuta mmoja huutilia mwingine kivuli, na njia hubaki na ubaridi hata jua la Januari likiwa kali. Mlangoni pana baraza: mwenye nyumba humpokea mgeni hapo, kahawa ikanywewa, habari zikapashwa, bila faragha ya ndani kuguswa. Watoto hucheza huku watu wazima wamekaa hapohapo wakiwaona. Ulinzi gani utaushinda huo?

Kasoro ipo: gari la zimamoto haliwezi kuingia kila mahali. Dawa yake ni kuyaleta maji ya kuzimia moto karibu na nyumba, si kubomoa mitaa. Kinachoviumiza vichochoro zaidi leo ni pikipiki zinazopita kasi mbele ya baraza. Wakazi wakitaka zizuiwe kwenye njia finyu, wana haki kabisa.