Vitabu vya Nyumbani Kuuzwa Mtandaoni: Yanayosemwa Mwanza na Yaliyo Kweli

Mwalimu akistaafu Nyegezi au akifariki Kirumba, kabati lake la vitabu huwa la mwisho kugawanywa. Sofa lina mtu, friji lina mtu, hata ndoo za maji zina mtu. Vitabu vinaingizwa kwenye viroba, vinapimwa kwa kilo, na wiki ijayo ukurasa wa historia unafungia karanga Buzuruga. Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu mara nyingi familia ilihitaji hela na vitabu vilikuwa na wenyewe mahali fulani. Waliokosekana ni watu wa kuviunganisha. Simu ya mkononi inaweza kufanya kazi hiyo, lakini kwanza kuna maneno kadhaa ambayo watu wameyaamini na hayana ukweli.

"Kitabu kilichotumika hakina mnunuzi"

Anayesema hivi mara nyingi amepiga picha moja ya rundo, akaiweka stetasi na kuandika "vitabu vinauzwa". Saa ishirini na nne zikapita, picha ikafutika, naye akahitimisha kwamba watu hawasomi.

Mtu anayehitaji kitabu hukitafuta kwa jina. Anaandika kwenye Facebook, Instagram au Jiji (soko la matangazo mtandaoni) jina la mwandishi, kichwa cha kitabu, somo, kidato. Kama hukuyaandika majina hayo kwa herufi chini ya picha, hatakuona, hata kama mnaishi mtaa mmoja. Kitabu kimoja, tangazo moja, jina kamili la mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka. Kazi hii inachosha, sikatai, lakini hapa ndipo panapoamua nani atauza na nani atapeleka viroba kwa muuza karanga.

Na wanunuzi wa Mwanza si wa kubahatisha. Wapo wanafunzi wa udaktari na uuguzi pale Bugando, kwenye hospitali na chuo chake, ambao vitabu vyao vipya vina bei ya kutisha. Wapo wa sheria, ualimu na uandishi wa habari SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kule Malimbe. Wapo walimu wa shule binafsi wanaojinunulia marejeo kwa mshahara wao. Wapo pia watu wa huku kwetu wanaoishi Dar es Salaam au Dodoma, wanaotafuta riwaya waliyoisoma shuleni wampe mtoto wao, na hao hawabishani sana juu ya bei.

Vitabu vya shule vinahitaji umakini wa pekee. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 na unaingia darasa kwa darasa, kwa hiyo kitabu cha kiada cha mtaala wa zamani kinapoteza wateja kila mwaka unaopita. Ukiwa nacho, kiuze sasa, na uandike wazi kwamba ni cha mtaala wa zamani, maana mzazi akikinunua bila kujua atakuwa amedhulumiwa. Kamusi, atlasi, riwaya, tamthilia na vitabu vizuri vya hisabati au fizikia havipitwi na wakati haraka hivyo. Kanuni za mwendo ni zilezile.

"Kikiwa cha zamani, ni mali"

Hii inawapata wanaopenda vitabu kuliko inavyowapata wasiovijali. Baba ana ensaiklopidia za jalada gumu, amezitunza miaka arobaini, na anaamini zitasomesha mjukuu. Ukweli ni kwamba ensaiklopidia ni miongoni mwa vitabu vigumu kabisa kuuza. Ni vizito, vingi, na habari zake zimepitwa. Britannica yenyewe iliacha kuchapa ensaiklopidia yake kwenye karatasi, toleo la mwisho likiwa la 2010. Umri peke yake hauongezi hata shilingi.

Kinachoongeza thamani ni mambo mawili yakikutana: nakala zimebaki chache, na watu bado wanakitafuta. Mfano mzuri uko hapa hapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji kwa miaka mingi. Alilazimika kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, katika vitabu viwili. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Nakala ya chapa ile ya 1980 na kitabu kipya chenye hadithi ileile ni vitu viwili tofauti machoni pa mtafiti au mkusanyaji. Ukiwa na kitabu cha kwanza tu bila cha pili, usikitupe. Kuna mtu ana cha pili na anakitafuta chako.

Vivyo hivyo vijitabu vyembamba vya Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya: sarufi, sala, hadithi, methali. Havipendezi macho, jalada lake ni karatasi tu, na kwa sababu hiyo ndivyo vinavyotangulia kuingia kwenye kiroba. Vilichapwa kwa nakala chache na huenda havitachapwa tena. Ningekuwa na sauti ya kufika kila nyumba yenye kabati, ningeomba jambo hili moja: kabla ya kupima kwa kilo, toeni kwanza vya lugha zetu.

Utajuaje chapa uliyonayo? Fungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ule wenye kichwa cha kitabu. Hapo pameandikwa mchapishaji, mji, mwaka wa chapa ya kwanza na miaka ya chapa zilizofuata. Upige picha ukurasa huo kila mara, maana mnunuzi anayejua anachotafuta atauomba. Wengine hukagua namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na wasipoiona wanasema kitabu ni feki. Namba hizo zilianza kutumika mwaka 1970 hivi, kwa hiyo kitabu cha 1962 hakiwezi kuwa nayo. Kwa vilivyokuja baadaye, namba inasaidia: ya kitabu cha Tanzania mara nyingi huanza na 9976 au 9987, na kwa vya miaka ya karibuni 9912, na kuanzia 2007 hutanguliwa na tarakimu tatu, mara nyingi 978.

Suala la bei linapotosha wengi. Mtu anaingia AbeBooks, soko la mtandaoni la vitabu vilivyotumika, anakuta kitabu kama chake kimeandikiwa dola mia moja, anapandisha bei yake kesho yake. Ile ni bei anayoiomba muuzaji, na pengine ameiomba miaka mitano bila mtu kuilipa. Angalia bei ambayo kitabu kiliuzwa kweli. eBay, soko jingine la mtandaoni, ina sehemu ya kuonyesha vilivyokwisha kuuzwa. Kwa vitabu vya kawaida vya hapa nyumbani, uliza duka la vitabu kipya kinauzwaje, kisha shuka kulingana na hali ya chako.

"Ukitaja kasoro, hakiuziki"

Hapa ndipo wauzaji wengi huharibu jina lao. Wanapiga picha jalada kwa mbali, usiku, chini ya taa ya njano, wanaandika "kipo vizuri sana". Mnunuzi anakipokea Shinyanga, anakuta kurasa nane zimeng'oka. Hatakurudishia kitabu, nauli itakula hela yote. Atafanya rahisi zaidi: ataandika jina lako kwenye kundi la wasomaji.

Anayenunua kitabu kilichotumika anajua hakitakuwa kipya. Anachotaka ni kujua kimechakaa wapi na kiasi gani. Maelezo ya kweli yanasomeka hivi: "Jalada la mbele limepauka. Jina la mmiliki limeandikwa kwa wino ukurasa wa kwanza. Kurasa zote zipo, nimezikagua. Ukurasa wa 45 hadi 52 zimepigiwa mstari kwa penseli. Pana alama ya maji pembeni chini, haijafika kwenye maandishi." Mtu akisoma hayo anakuamini hata katika yale usiyoyataja. Picha zipigwe mchana karibu na dirisha: mbele, nyuma, mgongo, ukurasa wa hakimiliki, na pale palipoharibika zaidi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofunga biashara.

Unyevu ni adui wetu sisi tunaoishi kando ya ziwa. Vuli na masika, kabati lililobanwa na ukuta linaota kuvu, na vitabu vinachukua harufu. Vitoe nje kivulini penye upepo, uvisimamishe kurasa zikiwa zimeachana, kisha upanguse kuvu iliyokauka kwa brashi laini, pua na mdomo ukiwa umevifunika. Usivianike juani. Jua kali linapausha jalada na kulikunja. Wadudu wakiwa hai ndani, funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza yenye ubaridi wa nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili, kisha kiache kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Dawa ya kupuliza inaacha madoa, na naftalini inaacha harufu ambayo miezi haitaiondoa.

Selotepu nayo isiguse kitabu. Gundi yake inageuka njano, inaloweka karatasi, na ukurasa uliokuwa umechanika kidogo unakuwa umeharibika kabisa. Ukurasa uliochanika uuze ulivyo na useme umechanika. Pia usifute majina ya zamani wala kuchana ukurasa wenye sahihi. Kama ni mwandishi ndiye alisaini, umepunguza thamani kwa mkono wako.

Ila muhuri wa shule au maktaba ni habari nyingine. Kama hakuna alama kwamba kitabu kiliondolewa rasmi, hicho kiliazimwa kikasahaulika. Kirudishwe.

"Bei njoo inboksi" na "nitaskani niuze PDF"

La kwanza linafukuza watu. Wengi hawaji inboksi, wanapita. Weka bei, na ukiwa tayari kupunguza, andika kwamba maelewano yapo. Maswali ya "bado kipo?" na "bei ya mwisho?" yatakuja hata hivyo, yajibu kwa upole.

La pili ni kosa. Nakala uliyoinunua ni mali yako na kuiuza ni kuuza mali yako, lakini ukiiskani na kuwauzia watu PDF unazalisha nakala mpya bila ruhusa ya mwenye haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Waandishi wa Kiswahili wanapata kidogo mno tayari.

"Mwanza ni mbali, wateja wako Dar"

Umbali si kikwazo kikubwa tena kama watu wanavyodhani. Kitabu ni chepesi. Chukua cha ukubwa wa A5 chenye kurasa 250, karatasi ya kawaida ya gramu 80: kina karatasi 125, na uzito wake ni kama gramu 310 bila jalada. Vitatu havifiki kilo moja na nusu. Kitabu cha tiba cha kurasa elfu moja ndicho cha kupima kabla ya kutaja nauli. Posta wanapokea vifurushi vidogo, na mabasi yanayotoka stendi ya Nyegezi kwenda Shinyanga na mbele, au Nyamhongolo kwenda upande wa Musoma, hubeba vifurushi kila siku. Sengerema na Geita, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kifurushi hakisubiri tena kivuko. Nansio bado ni kwa meli na feri, kwa hiyo muulize mteja wa Ukerewe ni siku gani anaweza kufika gatini.

Funga vizuri. Buti za mabasi ya Mwanza zinabeba samaki, barafu inayeyuka, na dagaa wana harufu inayoingia mpaka kwenye uzi wa kitabu. Plastiki kwanza, uifunge kwa gundi pande zote, kisha boksi gumu linalokaa sawasawa na kitabu ili kona zisikunjike, kisha plastiki tena. Jina na namba ya mpokeaji viandikwe pande mbili. Piga picha risiti ya basi, umtumie palepale. Kabla ya yote hayo, pekua kitabu ukurasa kwa ukurasa: vitabu vya wazee hutunza barua, picha, risiti za benki, hata vyeti vya kuzaliwa, na hivyo ni vya familia.

"Ujumbe wa malipo umeingia, tuma mzigo"

Ujumbe wa kupokea hela unaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu. Unafanana na wa M-Pesa au Airtel Money, jina lipo, kiasi kipo, hela haipo. Angalia salio lako mwenyewe kupitia menyu ya mtandao wako kabla ya kufunga kifurushi. Akikuambia ametuma zaidi kwa bahati mbaya na anaomba umrudishie tofauti, usirudishe chochote. Kama amekosea kweli, ataomba mtandao wake wamrudishie. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanawafikia pia wauzaji na wateja wao, kwa hiyo taja kwenye tangazo namba moja tu ya malipo na jina litakalotokea, na mweleze mteja kwamba hutaibadilisha kwa ujumbe. Namba za matapeli zinaripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.