Mavuno endelevu: kipimo kinatoka wapi?

Mavuno endelevu ni kuchukua baharini, msituni au shambani kile kiasi kinachoweza kurudi kabla hujaja kuchukua tena. Kulisema hilo ni rahisi. Ugumu unaanza ukiuliza: kiasi gani, na kinarudi baada ya muda gani? Hapo ndipo sayansi inapohitajika, na kwa maoni yangu hakuna kazi yake kubwa kuliko hiyo katika habari nzima ya maendeleo endelevu.

Tazama pweza wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Huko, kama ilivyo Kizimkazi kwa upande wa Unguja, wanakijiji hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba, asichokoe mtu pweza hapo kwa muda, kisha hufunguliwa. Mafungo ya namna hii kwa kawaida huchukua miezi michache tu. Kwa nini isiwe miaka mitatu? Jibu liko katika maisha ya pweza mwenyewe. Pweza wa mwambani huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua mbio mno. Jike hutaga mara moja tu: hujifungia pangoni, huyalinda mayai na kuyapulizia maji bila kula chochote, na yakishaanguliwa hufa. Ukiufunga mwamba miaka mitatu, basi, wale uliowafungia watakuwa wamekufa zamani kwa uzee. Na ukimchokoa leo angali mdogo, umeukosa uzito ambao angeuongeza wewe umelala nyumbani.

Kujua kama mafungo yamefaa hakuhitaji maabara. Mizani ya kuning'iniza na daftari vinatosha, almuradi kila pweza apimwe, wa kabla ya kufunga na wa baada ya kufungua.

Ila sayansi haimalizi kila kitu. Siku ya kufungua, wakivamia watu kutoka kila upande, faida ya miezi huliwa kwa siku mbili tatu. Na mwanamke anayekwenda mwambani kwa miguu maji yakitoka, hana chombo, akifungiwa pahala pake ataishi kwa nini? Hilo ni la kamati ya wavuvi ya shehia, yaani ya mtaa au kijiji, kukaa na kuamua: wapi pabaki wazi, nani afanye doria. Mtaalamu akijipangia peke yake, mwamba utaibiwa usiku.

Kwa mwani mambo ni mazito zaidi, maana joto la bahari halitoki kijijini. Maji ya pwani yakizidi moto, mwani hupauka na kukatika, na aina ya mwani iitwayo cottonii, yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosum, ndiyo inayoumia zaidi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, wamejaribu kuulima kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba, badala ya kamba na vigingi. Lakini njia hiyo inataka chombo na kujua kuogelea, na wakulima wa mwani wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea.