Kupe wa Mbwa Wako Hawatoki Majanini, Wanatoka Ukutani

Wiki hii nimeulizwa tena: "Daktari, uwanja wote nimefyeka, mbwa wenyewe hawatoki getini, sasa hawa kupe wanatoka wapi?" Safari hii ninajibu kwa maandishi, kwa sababu imani iliyo nyuma ya swali hilo, kwamba kupe hutoka majanini tu, inaua mbwa wengi hapa Dar es Salaam ambao wangeweza kuishi.

Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, hahitaji jani hata moja. Hujibanza kwenye nyufa za plasta, kwenye maungio ya matofali na chini ya mbao anazolalia mbwa, na maisha yake yote anaweza kuyamaliza ndani ya geti lako. Akishaanguliwa humpanda mbwa, hunyonya damu kwa siku chache, hudondoka, hujivua ngozi ufani, kisha hurudi kunyonya tena. Mlo wa tatu ukikamilika, jike aliyevimba kama mbegu ya mbono hupanda ukuta, hutaga mayai yanayoweza kufika 4,000, halafu hufa. Inua mbao za bandani, upitishe kijiti kwenye ufa ulio nyuma yake: utaona maganda makavu, mafungu madogo ya mayai ya kahawia na kupe wadogo wanaokimbia mwanga. Kwa hiyo, unapomwogesha mbwa dawa Jumamosi na kumkuta ana kupe Jumatano, usikimbilie kusema kwamba dawa ni feki. Umewaua wale waliokuwa mezani tu, na wenzao, ambao ndio wengi, bado wako ukutani wakingojea zamu, tena wana uwezo wa kukaa miezi mingi bila kula.

Sisemi kwamba majani hayana kupe kabisa. Mbwa anayekwenda shambani au kuchunga na ng'ombe huokota kupe wa aina nyingine huko, na huyo kumkagua masikioni na katikati ya vidole kila jioni ni lazima. Lakini mbwa wa Sinza, hapa mjini, aliyefungiwa kwenye ua wa zege haugui kwa sababu ya majani.

Pulizia banda na kuta, ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko ya zamani, kisha rudia baada ya wiki mbili au tatu, maana mayai hayadhuriwi kirahisi na dawa. Mbwa atolewe hadi pakauke. Amitrazi ya asilimia 12.5, dawa ya maji ya kuua kupe, huchanganywa kwa kufuata karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kuizidisha humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Oili chafu ya gari, ambayo wengine humpaka mbwa ili kuua kupe, ni sumu, na ninaomba suala hilo liishie hapo.

Vidonge vya kisasa vya kuua kupe ni vizuri, na mwenye uwezo anunue. Hata hivyo, kupe hufa baada ya kuuma, ilhali bakteria Ehrlichia canis, wanaoletwa na kupe huyu na kumuugua mbwa hadi kufa, wanaweza kuingia mwilini ndani ya saa chache tu tangu kupe ajishike. Ndiyo maana kidonge hakichukui nafasi ya kusafisha banda.

Mbwa akikataa chakula, akiwa na homa, ufizi ukapauka au damu ikamtoka puani, mlete siku hiyo hiyo; mkojo wa rangi ya kahawa nyeusi haungoji hata asubuhi. Kwa ugonjwa wa Ehrlichia, vitabu huagiza doksisiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa siku 28 na kuandika kana kwamba siku ya 29 ugonjwa umekwisha. Mimi siwezi kumwapia mwenye mbwa hivyo. Kipimo cha haraka huonyesha kingamwili, yaani chembechembe ambazo mwili huzitengeneza kupambana na bakteria, nazo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi hata mbwa akipona, na wapo wanaonenepa na kucheza huku vimelea vimejificha kwenye wengu. Ninachoweza kufanya ni kurudia kuhesabu chembe zinazogandisha damu dozi inapoisha, na tena baada ya mwezi, kwa hiyo usiache kumrudisha kwa sababu tu ameanza kubweka na kula vizuri.